Viza si ruhusa ya kukaa

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama tarakilishi yangu imekufa. Haijafa. Nilikuwa na hasira, na kazi hii imenifunza kwamba mtu mwenye hasira asiguse programu za watu wala asiandike. Hasira imepoa kiasi cha kuniwezesha kuandika, lakini haijapoa kiasi cha kuninyamazisha.

Leo basi hakuna habari za lugha za programu wala simu mpya. Leo nina ugomvi na sentensi moja. Mmeisikia: "Wewe pata viza kwanza, mengine utajipanga ukifika." Wanaisema wanasiasa majukwaani, wanaisema mawakala wa safari, wanaisema wajomba na shangazi kwenye sherehe za kumuaga msafiri. Niliwahi kuisema hata mimi. Sentensi hii ni ya uongo, na imeshawagharimu watu zaidi ya nauli.

Wanaonifahamu wanajua kwamba naandika programu Ujerumani, na huu ni mwaka wangu wa saba huku. Kwa hiyo mifano yangu ni ya Ujerumani. Anayekaa Qatar, Japani au Marekani ana sheria za huko, asichukue tarehe zangu akazipachika kwake. Lakini kosa ninalolisema liko kila mahali.

Kilichotokea

Nina rafiki, fundi wa programu kama mimi, mzaliwa wa Taita. Simtaji jina, ila ameniruhusu kusimulia. Kadi yake ya ukaaji ilikuwa inaisha Ijumaa moja ya Februari. Miezi miwili kabla ya hapo aliingia kwenye tovuti ya ofisi ya wageni ya mji wake kutafuta miadi. Kwa wiki nzima ukurasa ukamwambia hakuna nafasi. Mwishowe akapata moja, wiki tano baada ya kadi kuisha. Akanipigia simu. "Kaka, hii si nitakuwa nimechelewa?"

Nikamjibu kwa ujasiri wa mtu aliyetangulia: "Tulia bwana. Miadi unayo, na foleni ni yao. Sote tunangoja hivyo hivyo."

Nilikosea. Kwa ofisi ile kushika nafasi kwenye kalenda yao hakukuhesabiwa kuwa ni kuomba kibali. Ombi lenyewe hakuwa amelituma, kwa sababu alidhani, nami nikamthibitishia, kwamba ombi huletwa mkononi siku ya miadi. Ijumaa ikapita. Jumamosi rafiki yangu akaamka akiwa mtu asiye na kibali, na hakujua. Alikunywa chai yake, akampeleka mtoto kwenye bembea, akarudi.

Siku ya kumi na moja mwajiri wake akamwita. Kampuni huku hairuhusiwi kumfanyisha kazi mgeni ambaye kibali chake kimekwisha, kwa hiyo akaambiwa akae nyumbani mpaka karatasi zitengenezeke. Siku ya kumi na sita simu ikaja kutoka Wundanyi. Baba amefariki.

Angeweza kupanda ndege. Hakuna aliyemfungia mlango wa kutoka. Ila angetoka bila karatasi ya kumrudisha, aanze upya kuomba viza Nairobi, kazi imngoje au isimngoje, mke na mtoto wamebaki huku. Akakaa. Yeye ndiye kifungua mimba wa nyumba ile, na mazishi ya baba yake aliyatazama kwenye rununu, mtandao ukikatika kila mara kule milimani. Nilikuwa nimeketi naye. Sikuwa na la kusema, maana ushauri ulikuwa wangu.

Kuingia na kukaa ni mambo mawili

Wasomaji wa ukurasa huu mnajua tovuti zinavyofanya kazi, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha yetu. Ukitaka kuingia kwenye akaunti yako, unaandika neno la siri. Neno la siri likikubaliwa, mtambo unakufungulia kikao. Kuanzia hapo neno la siri limemaliza kazi yake. Kinachokuweka ndani ni kikao, nacho kina saa yake ya kwisha na orodha ya unayoruhusiwa kufanya. Mtu anaweza kulijua neno la siri vizuri sana na bado akatupwa nje, kwa kuwa kikao kimekwisha.

Viza ni kama neno la siri. Kibali cha ukaaji ni kikao.

Ubalozi wa Ujerumani ukikupa viza ya muda mrefu ya kazi au masomo, unakubandikia karatasi ndani ya pasipoti. Kweli, kwa miezi ile iliyoandikwa juu yake, karatasi hiyo inakuruhusu pia kukaa, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Lakini imetengenezwa ili uvuke mpaka na upate muda wa kwenda ofisini. Ukifika una wiki mbili za kuandikisha anwani yako baada ya kuhamia. Kisha, kabla viza haijaisha, unaomba kibali cha ukaaji kwenye ofisi ya wageni ya mji wako. Tangu Septemba 2011 kibali hicho hutolewa kama kadi yenye chipu. Kuna cha muda, kuna Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya kwa wataalamu, na kuna kibali cha kudumu.

Halafu kuna jambo la tatu, masharti. Kadi nyingi huja na karatasi ya ziada ya rangi ya kijani, na humo ndimo yalimoandikwa mambo mazito: unaweza kufanya kazi ipi, kwa mwajiri yupi, na kama unaweza kujiajiri. Watu huitia droo karatasi hiyo wakapiga picha na kadi. Ni kama kufurahia kwamba umeingia kwenye mtambo bila kutazama umepewa ruhusa za nani.

Tarehe ya kwenye kadi inaweza kukudanganya

Hapa ndipo hata wasomi wenzangu huanguka. Mtu anatazama kadi, anaona imeandikwa mpaka mwaka fulani, anasema mimi ni salama. Ndugu yangu, ile tarehe ni nakala tu iliyochapwa siku ile kadi ilipotengenezwa. Ukweli wenyewe uko kwenye sheria, na sheria inaweza kusonga mbele kadi yako ikabaki na habari za zamani.

Mfano. Kibali cha kawaida cha muda hufa chenyewe ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6, isipokuwa ofisi imekupa muda mrefu zaidi kabla. Kwa wenye Kadi ya Buluu ni miezi 12. Hakuna atakayekuandikia barua. Nilifanya kazi na kijana mmoja aliyekuwa na kibali cha kawaida, akaenda Kilifi kufanyia kazi ufukweni. Miezi saba ya madafu na mikutano ya video. Aliporudi, afisa wa uwanja wa ndege hakushughulika na tarehe ya kwenye kadi. Alihesabu mihuri ya pasipoti. Kadi ilikuwa imebakiza zaidi ya mwaka mmoja, ruhusa ilikuwa imekufa mwezi uliopita.

Na kinyume chake pia ni kweli, na kinyume hiki ndicho kingemwokoa rafiki yangu. Sheria ya ukaaji ya Ujerumani, kifungu cha 81, aya ya 4, inasema kwamba mgeni akiomba kuongezewa kibali kabla hakijaisha, kile kibali cha zamani kinahesabika kuwa kinaendelea mpaka ofisi itakapoamua. Soma tena. Kadi imekwisha, ofisi haijajibu, miadi ni ya mwezi ujao, na wewe uko halali kabisa na unaweza kwenda kazini. Ofisi hutoa cheti cha kuthibitisha hali hiyo, kwa Kijerumani kinaitwa Fiktionsbescheinigung. Ndani yake kuna visanduku vya kutiwa alama. Alama ikiwa kwenye kisanduku cha aya ya 4, unaweza hata kusafiri nje na kurudi. Ikiwa kwenye kisanduku kingine, usithubutu kwenda uwanjani kabla ya kuuliza. Kwa sisi watu wa programu ni ndiyo au hapana, biti moja. Biti hiyo ndiyo inayoamua kama utamzika mzazi wako.

Mzingatie neno lililomo kwenye sheria: ombi. Hakuna neno miadi. Ombi halihitaji fomu maalumu ili lihesabike kuwa ombi. Barua iliyofika ofisini kabla ya ile Ijumaa, yenye jina, namba ya kadi na maneno "naomba kuongezewa kibali changu", ingetosha kuanzisha kinga hiyo. Ukurasa mmoja tu! Rafiki yangu angeuandika kwa dakika kumi, kama mimi mjuaji nisingemwambia atulie. (Wenye viza fupi ya siku 90 msijidanganye, kinga hii haiwahusu.)

Wanaouza namba

Sasa niwageukie wakubwa. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira. Kabla wino haujakauka, namba moja ilikuwa imeshazunguka dunia nzima: nafasi 250,000 za kazi kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ililazimika kukanusha hadharani, ikasema habari hiyo ni ya uongo na kwamba mkataba hauna idadi wala mgawo wowote. Kilichomo ni njia za ushirikiano. Kingine kilichomo, ambacho hakikuimbwa sana kwetu, ni makubaliano ya kuwarudisha nyumbani Wakenya wasio na haki ya kukaa, hata kwa kutumia vitambulisho au pasipoti zilizokwisha muda.

Hebu tulia hapo. Mkataba ule ule unaofungua mlango wa kuingia unarahisisha mlango wa kutolewa. Sisemi ni mkataba mbaya. Nchi yoyote ina haki ya kuamua nani akae kwake. Ninachosema ni kwamba kijana aliyesikia 250,000 amesikia nusu ya kwanza tu, na nusu ya pili ndiyo itakayomkuta siku kadi yake itakapoisha. Aliyemwambia ile nusu ya kwanza hatakuwapo.

Mchezo huu wa maneno tunaujua hata nyumbani. Januari 2024 Kenya ilitangaza kwamba imeondoa viza kwa wageni wote, kisha ikawataka waombe idhini ya kusafiri kwa njia ya mtandao na kulipa ada ya dola 30. Waafrika wengi walilalamika, na mwaka 2025 raia wa karibu nchi zote za Afrika wakaondolewa sharti hilo. Kwa mwaka mzima na zaidi neno viza lilikuwa limeondoka na lango lilikuwa limebaki. Kwa hiyo ukisikia neno, uliza lango liko wapi na funguo anazo nani.

Wanaotuhitaji na kutusahau

Ujerumani nayo nina neno nayo, na nalisema nikiwa mlipa kodi wake.

Nchi hii inatangaza kila mahali kwamba inahitaji mafundi. Imelegeza sheria kweli. Tangu Novemba 2023 fundi wa tarakilishi asiye na shahada anaweza kupata Kadi ya Buluu akiwa na uzoefu wa miaka 3 ndani ya miaka 7 iliyopita, mradi mshahara ufike kiwango kilichowekwa. Tangu Juni 2024 kuna Kadi ya Fursa ya kuja kutafuta kazi. Mwezi huo huo uraia ukawa wa miaka 5 badala ya 8, na hulazimiki tena kuacha uraia wako wa zamani. Kwetu sisi hilo ni jambo kubwa, maana katiba ya 2010 inaturuhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Haya yote ni mazuri na nayashukuru.

Lakini sheria nzuri hupita kwenye ofisi za wageni zaidi ya 500, na kila mji una tovuti yake, fomu zake na kalenda yake ya miadi isiyo na nafasi. Serikali hii ina daftari kuu la wageni tangu 1953. Kadi yangu inaisha lini, inajua. Anwani yangu inaijua. Kampuni ya simu hunikumbusha siku saba kabla salio langu halijaisha, na salio lile ni la euro chache. Kwa ruhusa ya kuishi, jukumu la kukumbuka ni langu peke yangu, kwa lugha ambayo bado najifunza, ndani ya sheria ambayo wanasheria wenyewe huibishania.

Ningekuwa nimepewa kazi ya kutengeneza mtambo ule, ningeanza na jambo moja dogo. Mtu akibonyeza kitufe cha kutafuta miadi ya kuongeza kibali, ukurasa umuulize hapo hapo: je, hili ni ombi? Akisema ndiyo, apokee risiti yenye tarehe na maelezo ya haki aliyoipata. Miji kadhaa imeanza kupokea maombi kamili kwa njia ya mtandao, kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Palipo na nia risiti inatoka.

"Sheria ni sheria"

Najua kuna watakaoandika kwenye maoni kwamba mtu mzima anajua tarehe zake, na aliyechelewa amejiletea. Najua kwa sababu tayari nimeambiwa ana kwa ana, tena na Mkenya mwenzangu aliye huku tangu 1998.

Nina majibu mawili. La kwanza: sheria yenyewe haina moyo mgumu kama wako, mzee wangu. Aya ile ile ya 4 inaruhusu ofisi kumwokoa aliyechelewa, ili asipate dhiki isiyostahili, kwa kuamuru kibali chake kihesabike kuwa kinaendelea. Rafiki yangu alipata wakili, wakili akakitaja kifungu, na ofisi ikakubali. Ilichukua wiki tatu. Alirudi kazini na sasa ana kadi mpya. Baba alikuwa ameshazikwa. Kama yule afisa wa dirishani angekitaja kifungu hicho siku ya kwanza, au kama sisi marafiki zake tungekijua, hadithi hii ingekuwa nyingine.

La pili ni la kifundi. Mtumiaji mmoja akibonyeza kitufe kisicho chake, hilo ni kosa lake. Watumiaji wengi wenye akili timamu wakikosea pale pale kila siku, kosa liko kwenye kitufe. Rafiki yangu huandika programu zinazohamisha fedha za watu. Si mzembe. Alitafuta miadi miezi miwili kabla! Alifanya kila kitu ambacho mtu mwenye nia njema angefanya, isipokuwa kile kimoja ambacho hakuna aliyemwambia.

Ukimya wetu

Na hapa ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe. Sisi Wakenya wa ng'ambo tunaelezana bei ya unga wa ugali, duka la sukuma wiki, nani anauza nywele. Kuhusu karatasi tunanyamaza. Kumuuliza mtu ana kibali gani ni kama kumuuliza mshahara. Aliyepata kibali cha kudumu anasema "Mungu mkubwa" na hasemi aliomba kwa kifungu kipi. Aliyekwama anasema "mambo yanaendelea" mpaka siku anapotoweka. Wanaobaki wanasimulia kwa minong'ono, na mnong'ono ukirudiwa mara tatu unakuwa sheria ya mtaa.

Hao wanaozungumza nao mara nyingi wanatumia toleo la zamani. Sheria ya ukaaji inayotumika sasa ilianza tarehe 1 Januari 2005 na imerekebishwa mara nyingi sana tangu wakati huo. Aliyepata karatasi zake 1998 alizipata chini ya sheria nyingine. Hata habari za juzi huchacha: ile njia ya mkato ya kupata uraia baada ya miaka 3, iliyoanza Juni 2024, ilifutwa Oktoba 2025. Hungeweka programu ya 1998 kwenye tarakilishi yako ya leo. Basi kwa nini unaweka ushauri wa 1998 kwenye maisha ya mwanao?

Nasema haya nikijua kwamba mimi nimekaa miaka saba tu na tayari nilikuwa nagawa ushauri uliochacha.

Fanya haya leo

Sitaki mwisho uwe malalamiko matupu. Kama unaishi Ujerumani, chukua dakika ishirini leo usiku.

Kwanza, toa kadi, karatasi ya kijani na pasipoti. Andika tarehe zote mahali pamoja. Kibali kwa kawaida hakizidi uhai wa pasipoti, kwa hiyo pasipoti inayokaribia kuisha itakupunguzia kibali.

Pili, weka ukumbusho miezi mitatu kabla ya tarehe ya mapema zaidi. Siku hiyo tuma ombi la maandishi, kwa njia inayokuachia ushahidi kwamba limefika. Miadi itafute pia, lakini usiiite ombi.

Tatu, ukipoteza au kuacha kazi, una wiki mbili za kuijulisha ofisi ya wageni tangu ulipojua. Mwajiri naye anatakiwa kutoa taarifa, kwa hiyo watajua tu. Mwenye Kadi ya Buluu asipatwe na kiwewe: kukosa kazi hakuui kadi siku hiyo hiyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa mwenye kadi ya chini ya miaka 2 nafasi ya miezi 3 bila kazi, na aliyeishika miaka 2 au zaidi miezi 6.

Nne, kabla ya kurudi nyumbani kwa muda mrefu, hesabu miezi. Kama itazidi, omba ruhusa kwanza.

Tano, kama una Kadi ya Buluu, jua kwamba kibali cha kudumu kinaweza kupatikana baada ya miezi 27 ya kazi ukiwa na Kijerumani cha mwanzo kabisa, au miezi 21 ukiwa umefika daraja la B1. Miezi sita hiyo ya tofauti ndiyo ada bora ya masomo ya lugha niliyowahi kulipa.

Sita, una haki ya kuuliza daftari kuu la wageni limeandika nini juu yako. Itumie.

Na kama hujasafiri bado, uko Nairobi au Kisumu unangoja viza, usimuulize wakala itatoka lini pekee yake. Muulize hivi: nikifika nitaomba kibali kipi, chini ya kifungu kipi, ndani ya muda gani, na nikiachishwa kazi itakuwaje? Akicheka au akikwambia utajipanga ukifika, rudisha pesa zako mfukoni.

Rafiki yangu alifika Wundanyi Agosti, kadi mpya mkononi. Mama yake alimpeleka kaburini, wakakaa pale mpaka jioni. Ananiambia mama hakumuuliza habari za vifungu wala visanduku. Alimuuliza jambo moja tu, kama huko aliko watu humruhusu kuja nyumbani anapohitajika. Alimjibu kwamba wanamruhusu, ila kuna barua fulani ya kuandika mapema.

Barua hiyo nimeitunga, ya Kijerumani na tafsiri yake ya Kiswahili mstari kwa mstari. Anayeihitaji aniandikie, nitamtumia bure. Na mwenye kunisahihisha pahali popote hapa asinionee haya, maana safari hii sitaki tena kuwa yule mjuaji aliyemwambia mwenziwe atulie.